Una kisukari? Tepu ya fundi cherehani inaweza kukwambia nini kuhusu mafuta kwenye ini (uzi mrefu)

Tabibu_wa_Zamu

Wakuu habari za jioni.

Naleta huu uzi kwa ajili ya wenye kisukari cha aina ya pili na wale wanaowauguza. Kliniki nyingi za kisukari huku wilayani utaratibu ni uleule, unapimwa sukari, presha, unapanda mzani, unaandikiwa dawa, tuonane mwezi ujao. Ini haliulizwi mpaka macho yawe ya njano au tumbo lijae maji, na hapo mambo yameshaharibika. Na wakati wote huo kwenye droo ya meza tepu ipo, ileile ya mafundi cherehani yenye sentimita 150, inatoka tu siku ya wajawazito.

Ini na kisukari vinahusianaje? Mafuta yakijaa kwenye zaidi ya 5% ya seli za ini tunasema hilo ni ini lenye mafuta. Kitaalamu waliliita NAFLD, toka 2023 jina likabadilishwa likawa MASLD, msishangae mkikuta yote mawili kwenye majibu yenu. Dunia nzima inakadiriwa kama 30% ya watu wazima wanalo. Ukija kwa wenye kisukari cha aina ya pili makadirio ya dunia yanapanda yanacheza kati ya 55% na 65%. Yani benchi la kliniki likiwa na watu kumi, watano sita hivi wanalo na wengi wao hawajui, haliumi, haliwashi, na hata kile kipimo cha damu cha ini kinachoitwa ALT kinaweza kuja cha kawaida kabisa.

Mafuta yenyewe wala sio yanayonitisha sana. Kinachonitisha ni kwamba kwa baadhi ya watu ini linaanza kuvimba ndani kwa ndani, linaweka makovu, makovu yanaongezeka taratibu kwa miaka mpaka ini linasinyaa, na wengine wanaishia kwenye saratani. Kisukari kinaisukuma hiyo safari iende haraka. Na moyo msiusahau, maana kinachoua wengi wenye hili tatizo ni moyo na mishipa kabla hata ini halijafika mwisho.

Sasa tepu. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana fujo sana. Wenye fujo ni yale ya ndani ya tumbo yaliyozunguka utumbo, kwa sababu damu inayotoka huko inapita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda popote. Mwili ukiwa hauisikii insulini, mafuta yanaachiwa ovyo kwenye damu na ini ndio linayapokea. Mzani hauwezi kukwambia kilo zako zimekaa wapi, mwanajeshi mwenye misuli na mzee mwenye kitambi wanaweza kuwa na BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) moja. Tepu angalau inauliza swali karibu na mahali penyewe.

Namna ya kupima, na hapa naomba mnisikilize maana watu wengi wanakosea. Vua au pandisha nguo, tepu iguse ngozi. Simama wima, miguu pamoja, mikono pembeni. Papasa ubavu wa mwisho chini kabisa, kisha papasa juu ya mfupa wa nyonga, katikati ya hapo ndio pa kupima. Hicho ndio WHO wanachoelekeza. Marekani wana mtindo wa kupima juu kabisa ya mfupa wa nyonga, sio kosa, ila chagua mmoja ukae nao, ukichanganya namba zako hazitafanana. Tepu ilale sawa kuzunguka nyuma na mbele, isibane nyama, pumua kawaida, soma ukimaliza kutoa pumzi. Usivute tumbo ndani, hapa hatupigi picha ya harusi. Rudia mara mbili, zikitofautiana zaidi ya sentimita moja anza upya.

Namba: mipaka ya shirika la kisukari la dunia, IDF, ni sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Ila mimi napenda zaidi kiuno kugawa kwa urefu. Urefu sentimita 168, kiuno 104, unapata 0.62. Ikifika 0.5 hatari imeanza kupanda, ikifika 0.6 iko juu. Uingereza mwaka 2022 taasisi yao ya NICE iliingiza hii kwenye mwongozo, wakasema watu wazima wahakikishe kiuno kinakuwa chini ya nusu ya urefu. Wewe hapo unaweza kupima hata kwa kamba. Pima urefu wako kwa kamba, ikunje mara mbili, zungusha kiunoni. Isipokutana unajua.

Uzi uko wazi, maswali karibuni.

Kiboko_ya_Pilipili

Mkuu uzi mzuri ila navaa suruali saizi 34, si nizidishe tu mara 2.54 nipate 86 mambo yaishe? Tepu ya nini tena

Tabibu_wa_Zamu

Hahaha mkuu hapo ndo wanaume wote tunapojidanganya. Suruali unaifunga chini ya kitambi, kitambi kimeshuka mbele kinaning'inia juu ya mkanda, suruali ni 34 miaka kumi haijabadilika ila tumbo limeondoka na maisha yake. Halafu hata hiyo 34 ya lebo kiwandani sio lazima iwe inchi 34 kweli, mitumba ndo kabisa kila nchi na saizi yake. Pima. Kwa inchi, 94 ni kama 37, na 80 ni kama 31 na nusu.

mama_Zuu

Asante tabibu. Mimi nina kisukari mwaka wa sita huu, kiuno 79, urefu 160. Nimepiga hapa naona 0.49. Kwaiyo ini langu liko salama? Maana nimefurahi kweli

Tabibu_wa_Zamu

Dada yangu pole kukukatisha furaha lakini HAPANA, na swali lako ndio sababu hasa ya mimi kufungua huu uzi, wala sio kusifia tepu.

Ngoja nikuwekee hesabu ya mfano. Tuchukulie wagonjwa 100 wa kisukari, 55 wana mafuta kwenye ini. Tuchukulie tepu inakamata 80 kati ya kila 100 wenye tatizo, na inawaachia vizuri 55 kati ya kila 100 wasio nalo (hizi mbili nimezitunga za kufanyia hesabu, sio za utafiti). Wenye tatizo itawakamata 44, itawakosa 11. Wasio nalo 45, itawaachia 25, itawasumbua bure 20. Sasa angalia wale tepu iliyowaambia nendeni nyumbani salama, ni 25 jumlisha 11, jumla 36. Na kati ya hao 36, kumi na moja wana mafuta. Karibu theluthi!

Kwenye kundi ambalo ugonjwa umejaa tayari, kipimo cha kubahatisha hakiwezi kumtoa mtu shaka. Tepu ikisema kubwa, inaongeza sababu ya kukusukuma mbele. Ikisema ndogo, wewe bado una kisukari, na kisukari chenyewe tayari ni sababu ya kuangaliwa ini. Chama cha kisukari cha Marekani siku hizi kinasema mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili akaguliwe makovu ya ini hata kama ALT yake iko sawa, hawajasema wenye vitambi peke yao.

Mjukuu_wa_Chifu

Sasa kama kisukari chenyewe kinatosha tepu ya kazi gani? Si unajipinga mwenyewe mkuu, juu huko umeisifia hapa unaikana

Tabibu_wa_Zamu

Swali zuri. Kazi yake ni foleni. Kliniki moja ina wagonjwa mia kadhaa, maabara ina vitendanishi vya wachache wiki hii, utrasaundi iko mjini. Nani aanze? Mwenye 0.65 na presha na triglisraidi (aina ya mafuta ya kwenye damu) juu anaanza, mwenye 0.49 anafuata, lakini ANAFUATA, hafutwi. Kazi ya pili ni kufuatilia, tepu kila miezi mitatu inakuonyesha kama tumbo linaondoka hata pale mzani unaposimama. Kazi ya tatu ni kwamba mgonjwa anaiona kwa macho yake. Ukimwambia mzee BMI yako 31 anakuangalia tu, mfanye akunje kamba ya urefu wake mara mbili aone inavyokataa kukutana tumboni, hapo unaona kabisa imemwingia.

Dkt_Asiyelala

Naongezea kidogo kwa tabibu. Tafiti zilizolinganisha hivi vipimo kwa wenye kisukari zipo nyingi, China, India, Iran, Ghuba na kwingineko, na kwa ujumla kiuno na uwiano wa kiuno kwa urefu vinakaa mbele ya BMI, ila tofauti sio kubwa kiasi cha kushangilia. Kwenye alama za usahihi wa kipimo, kinachobahatisha tupu kinapata 0.5 na kisichokosea kinapata 1, hivi vya mwili mara nyingi vinaangukia kwenye 0.6 na kitu, 0.7 na kitu. Vinasaidia ndio, lakini usimwandikie mtu ugonjwa kwa tepu.

Uwiano wa kiuno kwa nyonga nao upo, WHO wameweka 0.90 kwa wanaume na 0.85 kwa wanawake. Mimi siupendi kliniki. Unapima sehemu mbili, makosa yanakuwa mawili, na mama yeyote aliyejifunga khanga tatu kupimwa nyonga mbele ya foleni ni mtihani. Halafu ukipungua tumbo na nyonga kwa pamoja uwiano unabaki palepale kana kwamba hujafanya kitu, hii inavunja watu moyo.

Shingo je? Kuna kipimo cha mzunguko wa shingo, sentimita 37 kwa mwanaume na 34 kwa mwanamke zilipendekezwa Israel mwaka 2001 kwa ajili ya kukamata uzito uliozidi. Uzuri wake hutoi nguo, hakibadiliki ukishiba, na mtu wa baibui au mwenye aibu hana shida nacho. Kwa ini sio kizuri kuliko kiuno, ila kama kiuno hakipimiki chukua shingo.

Mwana_wa_Ziwa

Kiuno kisichopimika ndo kipi? Si kila mtu ana kiuno jamani 😂

Dkt_Asiyelala

Mjamzito, huyo muache. Mwenye maji tumboni, tepu itasoma kubwa na sio mafuta, tena huyo sio wa kupimwa tepu ni wa kulazwa, ini linaweza kuwa limeshasinyaa. Na wewe umejiita Mwana wa Ziwa, kwenu huko kuna kichocho cha tumbo, kinafanya wengu unakuwa mkubwa na tumbo linajaa, mtu mwembamba mikono kama fito tumbo liko mbele. Tepu inamwita mnene! Kanuni yangu ni moja, angalia mtu kwanza halafu ndo uangalie tepu. Mikono na mashavu yakiwa yameisha na tumbo liko mbele, weka tepu pembeni.

Wengine ni waliotumia ARV za zamani, ile stavudine iliyokuwa ikiondoa nyama usoni na miguuni. Kiuno chao kinaweza kudanganya pande zote mbili, na dawa yenyewe ilikuwa inaweka mafuta kwenye ini.

Mjukuu_wa_Chifu

Haya mimi nina moja la msingi. Hizi 94 na 80 ni za wazungu. Sisi miili yetu sio sawa na yao, tunajipimia kwa futi ya mtu mwingine. Na nilisikia mtu mweusi hapati sana hili tatizo la mafuta kwenye ini

Tabibu_wa_Zamu

Mkuu uko sahihi kwenye la kwanza. IDF wenyewe waliandika kwamba Waafrika kusini mwa Sahara watumie namba za Ulaya kwa muda mpaka takwimu zao zipatikane. Mwaka 2017 ukatoka uchambuzi uliokusanya takwimu za nchi kadhaa za huku kwetu, ukapata karibu sentimita 81 kwa wanaume NA kwa wanawake. Ona tofauti, kwa mwanamke ni karibu ileile 80, ila mwanaume kutoka 94 kushuka 81! Ila ule ulikuwa unaangalia hatari ya moyo, sukari na mafuta ya damu, haukuwa wa ini. Ndio maana mimi nang'ang'ania nusu ya urefu, haijali sana wewe ni wa kabila gani wala jinsia gani. Mwanaume wa sentimita 165 nusu yake ni 82 na nusu, umeona inavyokaribiana na ile 81.

La pili lina ukweli nusu. Utafiti wa Dallas kule Marekani uliotoka 2004 ulipima mafuta ya ini kwa mashine ya sumaku, wakapata 45% kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 33% kwa wazungu na 24% kwa weusi. Kwa kiuno kilekile watu weusi huwa wana mafuta machache ya ndani ya tumbo, mengi yako chini ya ngozi. Lakini 24% ni karibu mtu mmoja katika wanne, na hao walikuwa raia wa kawaida wa mjini, sio wagonjwa wa kisukari waliochaguliwa. Ukishakuwa na kisukari cha aina ya pili mwili wako tayari umesema insulini haifanyi kazi vizuri, usijifiche kwenye rangi.

Pweza_wa_Nazi

Salaam kutoka Mombasa. Mimi hapa nimeshangaa, ndugu yangu ni mwembamba kabisa ana sukari, utrasaundi ikatoa mafuta kwenye ini. Daktari akamwambia ni vyakula vya mafuta tu apunguze. Ameacha viazi karai na kila kitu cha kukaangwa lakini chai yake sukari vijiko vinne na soda kila siku. Hii inasaidia kweli?

Dkt_Asiyelala

Wembamba wapo kaka, tena kwa wenye kisukari sio ajabu. Kwa mwembamba ndio tepu inaweza kumshinda mzani, unakuta BMI 23 lakini tumbo limechomoza.

Kuhusu chakula, kuna utafiti maarufu wa 2005 uliofuatilia mafuta ya kwenye ini la wagonjwa yametoka wapi. Kama 59% yalitoka kwenye mafuta ya mwili yaliyoachiwa kwenye damu, 26% ini liliyatengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga, na yaliyotoka moja kwa moja kwenye chakula cha mafuta yalikuwa kama 15%. Kwaiyo ndugu yako kafunga mlango mdogo kaacha lango wazi. Soda ndio ya kwanza kuondoka kabla hata ya viazi karai! Sukari ya soda nusu yake ni fruktosi, na fruktosi ini ndio linabeba mzigo wake mkubwa linaigeuza mafuta. Na mgonjwa wa sukari kunywa chai vijiko vinne hata bila habari ya ini mbona ni kesi nyingine hiyo.

Kiboko_ya_Pilipili

Mi sinywi soda nakunywa bia tu 😅 mbili mbili

Tabibu_wa_Zamu

Mbili kwa siku au mbili kwa wiki mkuu? Tofauti ni kubwa. Bia ya nusu lita ya 5% ina kama gramu 20 za pombe. Kwenye hayo majina mapya, mwanaume akivuka gramu 210 kwa wiki na mwanamke 140, wanamhamishia fungu lingine la mafuta yaliyochanganyika na pombe. Mbili kila siku ni 280, umeshavuka. Na chini ya hapo sio kwamba ni ruhusa, kama makovu yameshaanza pombe yote ni hasara.

mama_Zuu

Jamani mnirudie mimi. Kiuno changu kidogo, mmesema hakinitoi shaka. Utrasaundi nimeulizia bei imenishinda kwa sasa. Nifanyeje?

Tabibu_wa_Zamu

Dada wala usikimbilie utrasaundi. Utrasaundi inaona mafuta yakiwa mengi, yakiwa chini ya 20% hivi inaweza ikapita bila kuyaona, na makovu ya mwanzo haiyaoni. Na kumbuka kwa mwenye kisukari swali la kama mafuta yapo au hayapo sio zito kama swali la makovu.

Cha kuomba ni FIB-4. Sio mashine, ni hesabu. Unahitaji umri wako, AST na ALT (vyote viwili vipimo vya damu vya ini) na pleteleti (zile chembe za kugandisha damu, zipo kwenye kipimo cha picha nzima ya damu). Umri zidisha AST. Weka pembeni. Pleteleti zidisha kipeuo cha pili cha ALT. Ya kwanza gawa kwa ya pili. Mfano mtu wa miaka 45, AST 25, ALT 25, pleteleti 250. Juu 1125, chini 250 mara 5 ni 1250, jibu 0.9. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, unarudia baada ya mwaka mmoja mpaka miwili. Juu ya 2.67 nenda kwa mtaalamu wa ini. Katikati hapo inatakiwa kipimo cha pili, ile mashine ya kupima ugumu wa ini, ipo kwenye baadhi ya hospitali kubwa. Ukiwa umevuka miaka 65 mpaka wa chini unakuwa 2.0 badala ya 1.3, kwa sababu umri uko ndani ya hesabu na kila mzee angeonekana mgonjwa.

Dkt_Asiyelala

Tena kwa huku kwetu weka tahadhari hii kwa herufi kubwa. USIPIGE FIB-4 MTU AKIWA NA MALARIA. Malaria inashusha pleteleti na inaweza kupandisha AST, jibu litatoka la kutisha halafu mtu anazimia bure. Subiri apone kwanza, wiki kadhaa hivi. Na kwa watu wa kanda ya ziwa wengu mkubwa wa kichocho unameza pleteleti, FIB-4 inapanda wakati ini halina shida ya mafuta kabisa. Aliyebeba zege juzi au katoka jimu kujitesa, AST yake nayo inaweza kutoka kwenye misuli.

Halafu virusi vya ini B pimeni jamani, hata kabla ya hiyo FIB-4. Ukanda wetu hepataitisi B ipo, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili, kirusi na mafuta.

Mwana_wa_Ziwa

Kuna jamaa stendi anauza unga wa kusafisha ini, anasema mafuta yote yanatoka chooni siku tatu. Vipi hiyo

Tabibu_wa_Zamu

Mafuta ya ini hayatoki chooni mkuu, hata yakitoka hutoyaona. Na huo unga hujui una nini, ini ndio kiungo cha kwanza kupokea kila unachomeza. Kinachojulikana kusafisha ni kupungua uzito. Ukipunguza 3 mpaka 5% mafuta yanaanza kupungua, 7 mpaka 10% uvimbe wa ndani unapungua, na waliofika 10% na zaidi baadhi yao hata makovu yalirudi nyuma. Mtu wa kilo 90, 10% ni kilo 9, sio mzaha lakini sio muujiza. Dawa zipo, Marekani waliidhinisha resmetirom Machi 2024 na semaglutide kwa ajili ya ini Agosti 2025, ila bei zake kwa mtu wa kawaida bado ni stori. Pioglitazone ni ya zamani na bei nafuu, inasaidia ini kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari lakini inaleta maji mwilini na kuongeza uzito, mwenye moyo dhaifu haimfai. Usijinunulie, ongea na daktari wako.

Mzee_wa_Bakora

Wanangu nimewasoma toka juu mpaka hapa kimya kimya. Mimi ni mgonjwa wa sukari, umri 54. Mjukuu kanipima na tepu ya mama yake, kiuno 104 urefu 168, ndo ule mfano wa tabibu kabisa nikadhani ananisema mimi. Karatasi yangu ya vipimo ya mwezi uliopita inasema AST 48, ALT 36. Pleteleti 180. Homa sina, malaria sina, pombe niliacha zamani. Nipigieni hesabu, mimi hicho kipeuo nilikiacha shuleni.

Dkt_Asiyelala

Shikamoo mzee. Kipeuo cha 36 ni 6. 54 mara 48 ni 2592. 180 mara 6 ni 1080. Jibu 2.4.

Mzee_wa_Bakora

Marahaba. 2.4 ndo nini sasa, nife?

Dkt_Asiyelala

Hufi mzee wangu. Uko katikati, juu ya 1.3 chini ya 2.67. Maana yake hatuwezi kukwambia huna makovu na hatuwezi kukwambia unayo. Kiuno chako 0.62 na AST kuwa juu ya ALT vinanifanya nisikuache usubiri mwaka. Kwenye kliniki yako ijayo beba hiyo karatasi, mwambie daktari nimepigiwa FIB-4 imetoka 2.4, naomba rufaa ya kupima ugumu wa ini. Usiseme naumwa ini, sema hivyohivyo FIB-4. Na uombe kipimo cha hepataitisi B kama hujawahi kupima. Ile mashine wanaisoma kwa kilopaskali, ikitoka chini ya 8 ni habari njema unarudi kwenye mazoezi na mlo na kliniki yako ya kawaida, ikivuka hapo unaonana na mtaalamu wa ini.

Tabibu_wa_Zamu

Na mzee siku ya mashine usile masaa matatu kabla, chakula kinafanya ini lisomeke gumu kuliko lilivyo. Wengine huwa hawaambiwi.

mama_Zuu

Mzee mimi nilidhani mwenye kiuno kikubwa ndo pekee wa kuhangaika, kumbe tunaenda wote maabara. Tabibu Jumatatu naenda kuomba AST, ALT na hiyo picha nzima ya damu, nikipata nazileta hapa.

Tabibu_wa_Zamu

Zilete dada. Usisahau kuandika na umri.